J.C. Jacobsen: Mpika bia aliyegawa siri yake bure, akamnyima mwanawe kiwanda

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji mingi ya Ulaya siku hizi limekuwa jambo la kawaida kuona kundi dogo la watalii likitembea kwa miguu nyuma ya mwongozaji, likisimama mbele ya jengo la kale kusikiliza habari zake, kisha likiingia katika baa ya jirani kuonja bia za mji huo kwa glasi ndogo ndogo. Matembezi hayo huchukua saa mbili au tatu, na mtalii hurudi hotelini akiwa amesikia habari za wafalme, vita na majanga ya moto, huku akiwa amejua pia kutofautisha bia nyeusi na nyeupe. Munich, Prague, Brussels na Dublin zote zina matembezi ya namna hiyo.

Jijini Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, matembezi hayo hayaendi mbali kabla ya kutajwa jina la mtu aliyefariki dunia mwaka 1887. Huyo ni Jacob Christian Jacobsen, mwanzilishi wa kiwanda cha bia cha Carlsberg, ambaye Wadenmark wenyewe humtaja zaidi kwa herufi za mwanzo za majina yake, J.C. Alama zake zimetapakaa mjini. Ipo nyumba ya baba yake katikati ya mji wa kale, ipo bustani ya mimea iliyopandwa mahali palipokuwa na ngome za zamani, na kipo kilima cha Valby upande wa magharibi, ambako alipika bia yake ya kwanza ya Carlsberg mwaka 1847.

Wengi wanaoifahamu chupa ya kijani ya Carlsberg hudhani kuwa historia yake ni ya biashara na faida tu. Hata hivyo, maisha ya mwanzilishi wake yana mgongano ambao hadi leo huwafanya wasikilizaji wa waongozaji hao kunyamaza. Mtu huyu aliwagawia washindani wake bure ugunduzi ambao angeweza kuuficha na kutajirika nao peke yake, lakini hakuweza kuvumilia mwanawe wa kumzaa kupika bia kwa namna tofauti na yake.

Mji uliofungwa ndani ya ngome

Jacobsen alizaliwa jijini Copenhagen Septemba 2, 1811. Kilikuwa kipindi kigumu kwa Wadenmark. Miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, yaani mwaka 1807, majeshi ya Uingereza yalikuwa yameupiga mji huo kwa mizinga na kuteketeza sehemu yake kubwa, na alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu serikali ya nchi hiyo ilifilisika. Mji ulikuwa bado umezungushiwa ngome za udongo na mahandaki ya maji, na watu wake waliishi kwa msongamano ndani ya uzio huo.

Baba yake, Christen Jacobsen, alitoka katika familia ya wakulima wa Jutland, akaja mjini kutafuta maisha na kupata kazi katika kiwanda cha bia. Kwa bidii alijijenga hadi mwaka 1826 akanunua kiwanda chake mwenyewe katika mtaa wa Brolæggerstræde, hatua chache kutoka mtaa wa maduka ambao leo hufurika watalii. Jengo hilo bado lipo, nalo ni mojawapo ya vituo vinavyofaa sana kuanzia simulizi hii.

Bia iliyopikwa Copenhagen wakati huo haikufanana na ile inayojulikana leo. Ilikuwa bia nyepesi, iliyochachuka upesi katika joto la kawaida, ikauzwa upesi na kunyweka upesi kabla haijageuka siki. Kila mpishi alikuwa akihifadhi chachu, yaani ile hamira inayogeuza utamu wa kimea kuwa kilevi, kutoka katika pipa la jana ili kuichachusha bia ya leo. Msomaji anayezijua pombe zetu za kienyeji ataelewa haraka: mama wa kilabuni anayechanganya mabaki ya pombe ya zamani na uji mpya wa kimea anafanya kile kile walichokuwa wakifanya wapika bia wa Copenhagen. Siku moja pombe hutoka nzuri ikasifiwa mtaa mzima, siku nyingine hutoka chungu, na hakuna anayejua sababu.

Ni kutojua huko kulikomkera Jacobsen tangu ujana wake. Hakusoma chuo kikuu, jambo ambalo inaonekana lilimsumbua maisha yake yote, lakini alihudhuria mihadhara ya Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Kidenmark ambaye mwaka 1820 aligundua uhusiano kati ya umeme na sumaku. Kutoka kwake alijifunza kuwa jambo lisilopimwa halijulikani. Baba yake alipofariki dunia mwaka 1835, kijana huyo alirithi kiwanda cha Brolæggerstræde akiwa bado na umri wa miaka 23, na akaingia nacho katika zama za kipimajoto na daftari la kumbukumbu.

Safari ya chachu kutoka Munich

Katika miaka hiyo habari zilikuwa zikienea Ulaya kuhusu bia ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo. Ilikuwa bia iliyochachushwa kwa baridi, chachu yake ikizama chini ya pipa badala ya kuelea juu, kisha ikahifadhiwa kwa miezi kadhaa katika maghala ya chini ya ardhi. Kutokana na kuhifadhiwa huko iliitwa laga, neno linalotokana na lugha ya Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Haikuharibika upesi, na ladha yake ilikuwa safi. Jacobsen alisafiri kwenda kujifunza katika kiwanda cha Spaten mjini Munich, kilichokuwa chini ya Gabriel Sedlmayr, mmoja wa wapika bia waliokuwa na jina kubwa kuliko wote wakati huo.

Sedlmayr naye hakuwa mgeni wa kutafuta siri za watu. Inasimuliwa kuwa katika ujana wake, alipotembelea viwanda vya Uingereza mwaka 1833 pamoja na mwenzake Anton Dreher wa Vienna, walitumia fimbo ya kutembelea iliyokuwa na uwazi ndani kuchota kwa siri sampuli za bia iliyokuwa bado inachachuka, wakaenda kuzipima hotelini. Pengine ndiyo maana hakumfungia mlango kijana kutoka Denmark.

Mwaka 1845 Jacobsen alirejea nyumbani akiwa na vyungu viwili vya chachu ya Spaten. Reli ya kumfikisha Copenhagen haikuwapo. Alisafiri kwa magari ya farasi, njia ya takriban kilomita 1,000, na chachu ya aina ile hufa ikipata joto. Simulizi inayorudiwa tangu wakati huo, na ambayo hakuna mwongozaji anayekubali kuiacha, inasema kuwa aliviweka vyungu hivyo ndani ya sanduku la kofia, na kila gari liliposimama kubadilisha farasi aliteremka kuvimwagia maji baridi. Chachu ilifika ikiwa hai.

Tatizo lililofuata lilikuwa ni baridi. Kiwanda cha Brolæggerstræde hakikuwa na mahali pa kuihifadhi bia hiyo kwa miezi. Jacobsen aliomba na kupewa ruhusa ya kutumia maghala yaliyokuwa chini ya ngome za mji, ambako udongo mnene ulizuia joto. Kwa hiyo laga ya kwanza ya Jacobsen ilikomaa ndani ya ngome zile zile zilizokuwa zimeushinda mji kuulinda dhidi ya mizinga ya Waingereza. Sehemu kubwa ya ngome hizo ilibomolewa baadaye katika karne hiyo na kugeuzwa bustani, na mtalii anayepumzika kando ya ziwa la bustani ya burudani ya Tivoli anatazama kipande cha handaki la maji la zamani.

Watu wa Copenhagen waliipenda bia hiyo. Mama yake alikuwa amefariki dunia mwaka 1844, na urithi alioupata ulimpa uwezo wa kujenga kiwanda kipya. Alichagua kilima cha Valby, nje ya ngome, kwa sababu zinazoeleweka kwa mtu yeyote wa kazi hiyo. Palikuwa na maji mazuri, palikuwa na mwinuko wa kuchimbia maghala makavu, na mwaka huo huo wa 1847 reli ya kwanza ya Denmark, kati ya Copenhagen na Roskilde, ilifunguliwa ikipita hapo hapo. Bia ya kwanza ilipikwa Novemba 10, 1847.

Kiwanda alikipa jina la mwanawe Carl, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, akaongeza neno la Kidenmark lenye maana ya kilima. Carlsberg ni kilima cha Carl. Jina hilo, kama tutakavyoona, lilikuja kuwafikisha baba na mwana katika ugomvi wa nani ana haki ya kulitumia.

Maabara ndani ya kiwanda

Kiwanda kilikua haraka. Kiliungua moto mwaka 1867 na kujengwa upya, na mwaka uliofuata mapipa ya Carlsberg yalianza kusafirishwa kwenda Scotland. Jacobsen alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa matajiri wakubwa nchini mwake, aliwahi kukaa katika baraza la mji na bungeni, na aliishi katika jumba zuri lililojengwa kiwandani hapo miaka ya 1850 kwa mtindo wa nyumba za kale za Pompeii.

Hata hivyo, fedha hazikumtuliza. Bado kulikuwa na siku ambazo bia iliharibika bila sababu kujulikana. Alifuatilia kwa karibu kazi za mwanasayansi wa Ufaransa Louis Pasteur, ambaye alithibitisha kuwa uchachu ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, na ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima kuhusu bia. Jacobsen alimheshimu mno Mfaransa huyo kiasi cha kuagiza sanamu yake na kuiweka katika maabara.

Maabara yenyewe aliianzisha mwaka 1875, ndani ya kiwanda. Mwaka uliofuata aliunda Mfuko wa Carlsberg, akauweka chini ya wasomi wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi na Fasihi cha Denmark, ili uisimamie maabara hiyo na kugharimia utafiti wa sayansi nchini hata pale usipohusu bia. Aliweka sharti moja ambalo wafanyabiashara wenzake hawakulielewa kwa urahisi. Matokeo yoyote ya maabara hiyo yenye manufaa ya kisayansi au ya vitendo yasifichwe, bali yachapishwe yote kwa ajili ya kila mtu.

Sharti hilo lilipata mtihani wake mwaka 1883. Emil Christian Hansen, mtoto wa familia maskini ya mji wa Ribe, aliyewahi kuwa mpaka rangi na mwalimu kabla ya kujisomesha sayansi, alikuwa mkuu wa idara ya fiziolojia katika maabara hiyo. Bia ya Carlsberg yenyewe ilikuwa imepatwa na ugonjwa, ladha imekuwa mbaya, na wengi waliamini kuwa tatizo ni bakteria. Hansen aligundua kuwa chachu iliyokuwa ikitumika haikuwa ya aina moja, bali mchanganyiko wa chachu nzuri na chachu mwitu zilizokuwa zikiingia bila kualikwa. Akabuni njia ya kuitenga seli moja tu ya chachu nzuri, kuiotesha peke yake na kuizidisha hadi itoshe kuchachusha pipa zima.

Inaelezwa kuwa mzee Jacobsen mwanzoni alikuwa na shaka. Alipoona matokeo, shaka ilikwisha. Katika Novemba ya mwaka huo Carlsberg ilianza kupika bia kwa chachu safi, na kwa mara ya kwanza mpika bia aliweza kutarajia kwa uhakika kuwa pipa la leo litakuwa sawa na la jana.

Hapo ndipo mtu mwingine angefunga mlango na kuweka walinzi. Jacobsen hakufanya hivyo. Njia ya Hansen ilichapishwa, na chachu yenyewe ikatolewa bure kwa viwanda vingine, wakiwamo washindani. Alikuwa ameichukua kutoka Munich kwa hisani ya Sedlmayr, na sasa ilirudi duniani ikiwa safi kuliko ilivyoondoka. Viwanda vya laga duniani kote vimejengwa juu ya msingi huo. Anayefungua bia ya laga Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, iwe imetengenezwa hapa hapa na kampuni isiyo na uhusiano wowote na Denmark, anakunywa kinywaji kilichochachushwa kwa chachu ya jamii hiyo na kwa utaratibu wa usafi uliotoka kilima cha Valby.

Maabara hiyo haikuishia hapo. Katika mwaka huo huo wa 1883 mkemia wake, Johan Kjeldahl, alitoa njia ya kupima naitrojeni, na kupitia hiyo kiasi cha protini katika nafaka na vyakula, njia ambayo ingali ikitumika na inabeba jina lake. Mwaka 1909, Jacobsen akiwa amekwisha kufa, Søren Sørensen wa maabara hiyo hiyo alibuni kipimo cha pH kinachofundishwa katika kila darasa la kemia ya sekondari. Mwanafunzi anayepima pH ya maji ya limau hafahamu, na pengine mwalimu wake pia, kuwa anadaiwa shukrani na kiwanda cha bia.

Mbali na sayansi, Jacobsen alitumia utajiri wake kwa nchi. Kasri la Frederiksborg, lililoko Hillerød kaskazini mwa Copenhagen, lilipoteketea kwa moto Desemba 1859, alichangia kwa kiasi kikubwa ukarabati wake, na mwaka 1878 likaamuliwa kuwa jumba la makumbusho ya historia ya taifa chini ya Mfuko wa Carlsberg. Ikumbukwe kuwa mwaka 1864 Denmark ilikuwa imeshindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, na wazalendo wa kizazi cha Jacobsen waliona kuwa kilichobaki ni kulijenga upya taifa kwa elimu na kumbukumbu. Jijini kwenyewe aligharimia nyumba kubwa ya vioo katika Bustani ya Mimea, iliyokamilika mwaka 1874, ambamo michikichi na mimea mingine ya nchi za joto kama zetu huishi kwa raha wakati nje theluji inaanguka.

Baba na mwana

Na sasa Carl. Alizaliwa mwaka 1842, akakua ndani ya kiwanda chenye jina lake. Kati ya mwaka 1866 na 1870 baba alimpeleka nje ya nchi kujifunza upikaji wa bia katika nchi mbalimbali, na barua ndefu zikamfuata kila alikokwenda, zikimweleza la kutazama, la kuuliza na namna ya kujiheshimu. Aliporudi, baba alimjengea kiwanda kidogo pembeni mwa kile kikubwa na kumkodisha. Mwaka 1871 Carl alianza kazi humo kama mpangaji wa baba yake.

Ugomvi ulianzia katika jambo ambalo mtu wa nje angeliona dogo, nalo ni muda wa kuihifadhi bia ghalani. Kwa mzee, laga ilipaswa kukaa miezi mingi hadi ikomae, wateja wakisubiri. Carl aliona kuwa wateja walikuwa tayari kununua bia iliyokaa muda mfupi zaidi, na alikuwa na haraka ya kuwauzia. Akazalisha zaidi, akauza zaidi, na kiwanda kidogo kikaanza kukipita kile kikubwa. Baba alimtaka apunguze. Mwana alikataa.

Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, hapa ni vigumu kumpa ushindi mmoja wao. Mzee alikuwa ametumia maisha yake yote kuthibitisha kuwa bia ni kazi ya uvumilivu na usahihi, na sasa mwanawe wa kumzaa alikuwa akiuza haraka kwa jina lile lile. Lakini Carl naye alikuwa mtu mzima mwenye familia, aliyefunzwa kazi katika viwanda bora vya Ulaya, kisha akatakiwa aombe ruhusa ya idadi ya mapipa kama mtoto anayeomba fedha ya daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 baba alivunja mkataba wa pango. Carl alijenga kiwanda chake mwenyewe kwenye kiwanja cha jirani, na mwaka 1882 kulikuwa na viwanda viwili vya Jacobsen vikitazamana. Ugomvi ukahamia kwenye jina. Baba, aliyelitoa jina la Carlsberg kwa mapenzi ya mtoto, sasa alitaka kumzuia mtoto huyo kulitumia. Suluhu iliyofikiwa ilikuwa kwamba kiwanda cha baba kiitwe Gamle Carlsberg, yaani Carlsberg ya Zamani, na cha mwana kiitwe Ny Carlsberg, yaani Carlsberg Mpya.

Hata barabara iliyopita kati ya viwanda hivyo haikusalimika. Baba aliiita Alliance Vej, mwana akaiita Pasteurs Vej. Kila mmoja alitundika kibao chake, na watu wa upande wa pili wakatumwa kukiondoa au kukifunika kwa kikubwa zaidi. Wakazi wa Copenhagen waliufuatilia ugomvi huo kama mchezo wa kuigiza, na baadaye ukawa mchezo wa kuigiza kweli, kwani mwaka 1996 televisheni ya Denmark ilianza kuonyesha mfululizo wa tamthilia kuhusu maisha ya mzee huyo. Kinachostaajabisha ni kuwa katika suala la kibao Carl alichagua jina la mwanasayansi ambaye baba yake alimheshimu kuliko wote.

Katika wosia wake wa mwaka 1882, J.C. Jacobsen aliamua kuwa Gamle Carlsberg isiende kwa Carl bali kwa Mfuko wa Carlsberg. Humo ndimo alimoandika pia kanuni yake kwa watakaokiendesha kiwanda, kwamba lengo la siku zote liwe kuikamilisha bia kwa ubora wa juu kabisa bila kutazama faida ya haraka, ili kiwanda hicho kiwe mfano kwa wengine. Aliyekuwa akizungumziwa katika kanuni hiyo kila mtu alimfahamu.

Roma, 1887

Mwaka 1886 baba na mwana walipatana. Mzee alikuwa na miaka 75, afya imepungua, na mkewe Laura, aliyemuoa mwaka 1839, alikuwa ameishi miaka mingi katikati ya watu wawili aliowapenda wasiosalimiana. Majira ya kuchipua ya mwaka 1887 familia ilikutana Italia. Jacobsen aliipenda Roma na sanaa yake, mapenzi ambayo Carl aliyarithi kwa kiwango kikubwa zaidi. Aliugua huko, na Aprili 30, 1887 akafariki dunia mjini Roma, mwanawe akiwa karibu naye.

Mfuko ulikabidhiwa kiwanda mwaka 1888 kama wosia ulivyoagiza. Carl hakuupinga mfuko huo, na miaka michache baadaye alifanya jambo ambalo baba yake hakuwahi kumtaka alifanye. Mwaka 1902 aliutolea Mfuko wa Carlsberg kiwanda chake cha Ny Carlsberg, akiacha sehemu ya mapato iende kwa mfuko mwingine wa sanaa, na mwaka 1906 viwanda viwili vilivyotazamana kwa chuki vikaunganishwa kuwa kampuni moja. Kwa hiyo mwana aliyenyimwa kiwanda cha baba aligawa na cha kwake pia.

Kabla ya hapo alikuwa amewajengea watu wa Copenhagen jumba la sanamu la Glyptotek, na mwaka 1913 aliwapa ile sanamu ndogo ya nguva iliyo juu ya jiwe bandarini, ambayo leo hupigwa picha kuliko kitu kingine chochote mjini humo. Carl alifariki dunia Januari 1914.

Jumba la baba halikubaki tupu. Mzee alikuwa ameagiza lije kuwa makazi ya heshima ya msomi mkubwa wa Denmark, bila kodi. Mwanafizikia Niels Bohr, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliishi humo kuanzia mwaka 1932 hadi alipofariki mwaka 1962.

Shughuli za uzalishaji mkubwa zilihamishwa kutoka Valby kwenda mji wa Fredericia mwaka 2008, na eneo la kiwanda likageuzwa kuwa mtaa wa makazi, ofisi na migahawa. Majengo ya kale yalihifadhiwa, na kituo cha wageni cha Carlsberg kilifunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya ukarabati. Matembezi ya kuonja bia mjini humo sasa huwapitisha watalii pia katika baa za viwanda vidogo vilivyoibuka tangu miaka ya 2000, kama vile Nørrebro Bryghus na Mikkeller, ambavyo baadhi ya bia zao huchachushwa kwa chachu inayoelea juu, namna ile ile ambayo Jacobsen aliikimbia.

Kivutio kikubwa hapo Valby ni lango la mwaka 1901 lililobebwa na tembo wanne wa mawe kutoka kisiwa cha Bornholm. Ubavuni mwao zimechongwa herufi za majina ya watoto wa Carl, pamoja na alama ya swastika, ambayo wakati huo ilikuwa alama ya heri iliyotoka Asia na iliyotumiwa na kiwanda hicho miongo mingi kabla Wanazi hawajaichafua. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye tembo kwake ni mnyama na vilevile ni pombe ya mnazi, lango hilo la kiwanda cha bia lina utani ambao aliyelichora hakuufikiria.

Kibao cha mwana ndicho kilichodumu. Ramani za leo za mtaa huo zina barabara yenye jina la Pasteur, na zipo pia zenye majina ya J.C. Jacobsen, ya Gamle Carlsberg na ya Ny Carlsberg, zote katika umbali wa dakika chache kwa miguu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Kanisa la Yesu, alilolijenga Carl na kuzinduliwa mwaka 1891. Katika chumba cha chini cha kanisa hilo amelazwa J.C. Jacobsen pamoja na mkewe Laura, na pamoja nao Carl na mkewe Ottilia.